Tundu la Maji

Jina langu ni la pacha wa pili. Sina haja ya kulitaja. Yeyote aliyekulia nchi hii anayajua yale majina mawili, na akisikia la pili lazima aulize la kwanza: "Na mwenzio yuko wapi?" Nimeulizwa na walimu, nimeulizwa na manesi, nimeulizwa na karani wa vitambulisho huku macho yake yapo kwenye fomu. Siku hizi najibu kwamba alifariki, mtu anasema pole, yanaisha. Utotoni nilikuwa najibu ukweli mtupu: "Yuko nyuma ya nyumba."

Nyuma ya nyumba yetu, Pugu, palikuwa na shina moja la migomba. Mwenzangu ndiye aliyetangulia kutoka, na hakulia. Bibi mzaa mama, ambaye ndiye aliyemzalisha mama kwa kuwa mvua ilikuwa imekata njia, alimviringisha kwenye kipande cha kanga akamzika pale nyuma, kama ilivyo desturi ya kwetu kwa mtoto asiyelia. Kisha akapanda chipukizi la mgomba juu yake ili mtu asije akapakanyaga wala kupachimba. Mama alikuwa ndani, amelala, mie nipo kifuani pake. Hakumwona. Nilipopata akili nikamuuliza kama alikuwa wa kiume au wa kike. Akasema hakuambiwa, na yeye hakuuliza.

"Nilikuwa na wewe wa kunyonyesha," akasema, akaendelea kupepeta mchele.

Mgomba huzaa mara moja ukafa, lakini unapokufa chipukizi lake linakuwa limeshasimama pembeni, kwa hiyo shina linabaki lilelile miaka nenda rudi. Kazi yangu ya kwanza hapa duniani ilikuwa kulipelekea maji. Kila asubuhi, kabla ya chai, mama alinipa kikombe cha bati na kuniambia, "Mpe mwenzio maji." Nikisahau hakunichapa wala hakunisema. Alikaa tu na chai yake mbele yake bila kuigusa, ikapoa, ikaweka utando juu, mpaka nikumbuke. Bora angenichapa.

Na mama hakuusema mgomba ule kama watu wanavyosema mgomba. Migomba ya jirani ilikuwa inachanua, inaanguka, inakatwa. Wetu alikuwa amechanua, ameinama, amechoka na jua. Nilidhani ndivyo Kiswahili kilivyo. Darasa la tatu nikaandika kwenye insha, "Mgomba wetu anakunywa maji kila siku," mwalimu akapiga kalamu nyekundu, akaandika juu yake "unakunywa", akanisimamisha mbele ya darasa nirudie mara tano. Nilirudia huku nalia. Wenzangu walidhani nalia kwa kukosea, kumbe mie nilikuwa naona aibu kumwita mwenzangu kitu.

Nisiseme uongo, nilimwogopa. Upepo ukivuma yale majani makavu yanasugua ukuta wa chumba changu, na nilikuwaga nalala upande mmoja wa kitanda, nimebana, nimemwachia nafasi. Na nilimwonea wivu pia. Mie nikiugua homa mama anaendelea na shughuli zake. Mgomba ukivunjika jani anasimama pale nyuma, mikono kiunoni, anamtazama. Ukubwani nilijifunza kucheka mambo hayo, lakini hadi leo nalala upande mmoja.

Pengine ndiyo maana nikaishia kwenye kazi hii. Ninafanya kazi maabara, upande wa Kinondoni, tunapima magonjwa ya mimea yanayoletwa na bakteria: mnyauko wa migomba, mnyauko wa nyanya, kuoza kwa kabichi. Mkulima anatuletea jani, sisi hatulitazami jani. Tunalisaga, tunatoa vinasaba, tunavitia kwenye vichupa vidogo kuliko ncha ya kidole, na tunaviweka kwenye mashine inayonakili vinasaba vya bakteria tunayemtafuta peke yake, mara nyingi mno. Kama bakteria yumo, baadaye chini ya taa unaona mstari unang'aa. Kama hayumo, unaona giza. Mashine yetu ya zamani ina matundu ishirini na manne, na kati ya hayo mawili si ya kuchezea. Moja linawekwa sampuli ya mmea tunaojua hakika kuwa ni mgonjwa, ili tujue mashine inaona. Jingine linawekwa maji matupu. Kila kitu kingine kinatiwa kwenye kichupa kile isipokuwa mmea. Maji hayo kazi yake ni kutokuwa na kitu. Yakiwaka, ujue uchafu umeingia mahali, na hakuna jibu la siku hiyo linaloaminika.

Mwenzangu wa kazini ni Mnyamwezi wa Tabora, mie Mzaramo, kwa hiyo ni watani na hatuna heshima kabisa. Yeye ndiye aliyelipa jina lile tukio la maji kuwaka. Aliliita mzuka. Vijana wa Dar wakisema mzuka wanamaanisha raha, ndiyo salamu yao, lakini kwa bibi yangu mzuka ni kitu cha kufungia mlango. "Leo maji yana mzuka," mtani wangu angesema, na sote tunajua tunamwaga kila kitu tunaanza upya. "Nyie Wazaramo mnafuga mizuka mpaka kwenye chupa." Nami ningemjibu kwamba wao wanafuga njaa. Ndivyo siku zilivyokwenda.

Kisha mama akanipigia simu. Hakuanza na habari za kazi wala za watoto. Alisema, "Mwenzio anaumwa."

Nilikwenda Jumamosi. Majani ya chini yalikuwa yamegeuka njano, yananing'inia, na mgomba uliobeba mkungu umeegemea ukuta. Mama alikuwa ameuegemezea mti, ameufunga kwa kipande cha kanga, utadhani anauguza mtu. Aliniuliza, "Si ndiyo kazi yenu hiyo? Mpime." Nikakata kipande cha kikonyo cha jani, nikakitia kwenye mfuko, mfuko kwenye kidumu cha barafu. Nilijisikia mtu. Miaka yote ile ya kusoma na kurudi na vyeti ambavyo mama alivitia kabatini bila kuvifungua, leo ameniomba kitu ninachokijua mie na yeye hakijui.

Jumatatu tulikuwa na sampuli ishirini na mbili za migomba kutoka mikoani, zina orodha, zina namba, zina watu wanaozisubiri. Ishirini na mbili, na mmea mgonjwa, na maji: matundu yamejaa. Ningeweza kumsubirisha mama hadi Alhamisi. Hakuna ambacho kingeharibika. Lakini asubuhi ile alikuwa amenipigia mara mbili kabla sijavaa koti la kazi, akiuliza, "Anasemaje?" Nami nilitaka nimjibu jioni ileile. Basi nikatazama yale matundu, nikajiambia, maji ni maji. Mwezi mzima hayajawaka. Nikayaacha nje, nikamweka mwenzangu kwenye tundu la maji.

Zote ziliwaka. Sikushtuka, sampuli zenyewe zilitoka mahali panapojulikana pana ugonjwa. Na ule wa mwisho, wa Pugu, uliwaka kama wenzake. Kwenye picha niliukata ule mstari wa mwisho, na kwenye daftari, pale panapoandikwa matokeo ya maji, nikaandika kama ninavyoandika kila siku: hakuna kitu. Mkono ulizoea. Niliandika uongo huo kwa mwandiko mzuri kabisa.

Nikampigia mama. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wakulima wote, kwa upole na bila kuzunguka: ni mnyauko, ukiukata mgomba unatoka usaha wa njano, hauna dawa, unahamia kwa panga, kwa nyuki, kwa maji. Shina lote ling'olewe pamoja na machipukizi, likatwekatwe, lizikwe mbali. Panga lipitishwe motoni. Pale mahali pasipandwe mgomba kwa muda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja. "Lazima pachimbwe?"

"Lazima, mama."

"Umehakikisha?"

"Mashine haidanganyi."

Akasema haya. Mama yangu si mtu wa kubishana. Siku zote akizidiwa husema mgomba haushindwi na mkunguwe, siku ile hakusema.

Mjomba, mdogo wake mama, ndiye aliyechimba. Tulianza asubuhi, jua halijachomoza sawasawa. Mama alitandika mkeka karibu, akakaa na kanga imemfunika mpaka puani. Mjomba alipoukata mgomba, mama akainuka akaja kulitazama lile pande, akaligusa kwa kidole.

"Ulisema ukiukata unatoka usaha wa njano," akasema. "Mbona hautoki?"

"Si lazima utoke siku zote," nikamjibu.

Akarudi mkekani. Mjomba alipofika chini kwenye shina lenyewe tukakuta limetobolewa matundu matundu, ndani mna funza weupe, wanene, kila mahali. Mjomba akasema, "Hawa si ndio wanaomla?" Mie, na vyeti vyangu, nikasema hayo ni mambo mawili, funza wapo na ugonjwa upo palepale. Nakumbuka sauti yangu. Ilikuwa sauti ya mtu anayewafundisha wengine. Ningekuwa na uwezo wa kurudi nikalishika tukio moja tu la maisha yangu shingoni, ningeishika sauti ile.

Shina likang'oka. Mjomba akaacha jembe, akaanza kuchimba kwa mikono, polepole, kwa kuwa sote watatu tulijua tunatafuta nini ingawa hakuna aliyetamka. Alichimba hadi kiwiko. Palikuwa na udongo mwekundu na mizizi. Mama alikuwa amekuja, amechuchumaa ukingoni.

"Kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu, dada," mjomba akasema.

Mama alilitazama lile shimo kwa muda mrefu. Halafu akageuka akayatazama yale mapande ya mgomba yaliyolundikwa kwenye turubai, yanatoa maji yake. "Kumbe alishahama siku nyingi," akasema. "Alikuwa huku."

 Tulikwenda kuyazika mapande yale ng'ambo ya kiwanja, na mama hakuja.

Wiki moja baadaye nilipokwenda kumwona nilikuta kile kikombe cha bati juu ya dirisha. Nikamkataza. Nilimwambia asimwage maji pale, kwa sababu maji yanaueneza ugonjwa ardhini, na vimelea wanaishi kwenye udongo kwa muda. Akasema, "Sawa, mwanangu, nimeacha." Nilikwenda zangu nimeridhika.

Ule ukuta wa chumba changu sasa haukusuguliwa na kitu. Nilipolala Pugu sikupata usingizi kwa ukimya. Na nyumbani kwangu, Kinondoni, ambako hakujawahi kuwa na mgomba wowote, nilianza kusikia majani. Mume wangu alisema ni turubai la jirani. Nikaenda kutazama, ni kweli kulikuwa na turubai, na halikuwa linatikisika.

Mwezi wa pili tangu tung'oe, mtani wangu alitoa picha yake ya siku, akaiinua kwenye taa, akasema, "Haya, mzuka huo." Maji yake yaliwaka. Akabadilisha kila kitu, yakawaka tena. Akawa anaondoa kitu kimoja kimoja, mpaka tukafika kwenye chupa kubwa ya maji safi aliyoitoa nyuma ya jokofu asubuhi ile, iliyosahaulika huko tangu tulipofungua nyingine. Yenyewe ndiyo ilikuwa na uchafu. Mtu mmoja, siku moja, alichovya humo ncha iliyokwisha kugusa sampuli yenye ugonjwa. Mtani akacheka, "Kikulacho ki nguoni mwako." Tukaanza kuangalia ni lini ilifunguliwa. Tarehe ilikuwa imeandikwa kwenye kizibo kwa mwandiko wangu. Ilikuwa Ijumaa, kabla ya ile Jumatatu.

 Nilivuta kiti. Mtani akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia yote: tundu, maji, mama, daftari. Mtani anaruhusiwa kukutania hata kwenye msiba wako, ndiyo utani wenyewe ulivyo, na nilikuwa nasubiri aseme neno nipate kumtukana. Hakusema. Aliinuka, akafungua jokofu, akakitafuta kile kichupa cha vinasaba vya Pugu kilichobaki, akakiweka mbele yangu. "Rudia," akasema. "Na maji anza nayo."

Nilirudia kwa chupa mpya. Mmea mgonjwa uliwaka. Maji, giza. Mwenzangu, giza. Nikarudia tena. Giza. Nikatoa kile kipande cha kikonyo kilichobaki kwenye barafu, nikakisaga upya tangu mwanzo. Giza safi. Ni funza tu. Kuna namna ya kuwaondoa funza, unasafisha shina, unakata sehemu iliyoharibika, unaacha chipukizi zima liendelee. Mkulima yeyote angemwambia mama hivyo bure.

Kazini nilikiri. Sampuli za mikoani tulizirudia zote, na zikawa na ugonjwa kweli, na nikaandikiwa barua ya onyo iliyo haki yangu. Hilo halikuninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni Pugu. Mama alikuwa ameshakubali. Mtu akimwuliza anasema, "Aliugua, ikabidi." Angeweza kukaa na neno hilo hadi mwisho wake, na mie nikakaa na la kwangu, wala hakuna anayejua isipokuwa Mnyamwezi mmoja. Maji yakimwagika hayazoleki, nikajiambia, ya nini kumwongezea mzee kidonda. Nilijiambia hivyo siku tisa. Siku ya kumi nikaona kwamba najihurumia mie, si yeye.

Nilifika asubuhi, amekaa barazani na chai yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mapema?"

Nikakaa chini, si kwenye kiti. Nikamweleza. Sikutumia maneno ya kazini. Nilimwambia kila siku tunaweka kichupa cha maji matupu ili kitulinde na uongo wetu wenyewe, na siku ya mwenzangu sikukiweka, nafasi yake nilimweka yeye, kwa sababu ya haraka. Nikamwambia chupa ilikuwa chafu. Nikamwambia nimerudia mara tatu. "Hakuwa na ugonjwa, mama. Ni wale funza. Mjomba alisema, na wewe uliuliza, na mie sikuwasikia." Nikamwomba radhi. Nililia, na niliona aibu kulia kwa sababu si mie niliyepaswa kulia.

Mama aliiweka chai chini.

"Kwa hiyo alikuwa mzima," akasema.

Alisema alikuwa. Safari hii hakuna kalamu nyekundu duniani ambayo ingemsahihisha.

"Alikuwa mzima, mama."

 Jirani alikuwa anafagia uwanja wake, na tulimsikia akimaliza upande mmoja na kuanza mwingine.

"Siku ile ya kuzaliwa kwenu," mama akasema, "mama yangu aliniambia amekwisha kufa. Nilikuwa nimelala hatua nne kutoka alipo. Sikusema nileteeni nimwone. Nikamwamini, kwa kuwa ni mama yangu na anajua. Na safari hii umeniambia wewe. Nilikuwa nimesimama pale pale, nimegusa kwa kidole changu, nimeona hakuna usaha. Nikakuamini, kwa kuwa ni mwanangu na unajua." Alisema bila hasira yoyote, na ndicho kilichonimaliza. "Mara mbili nimeambiwa. Mara mbili sikutazama mwenyewe."

 

Mama akainuka, akaingia ndani, akatoka na kile kikombe cha bati kimejaa. Akanipa, kama nina miaka sita.

"Mpe mwenzio maji," akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba pale hapana kitu tena, tulichimba tukaona. Sikusema. Nikazunguka nyuma ya nyumba na kikombe changu, nikachuchumaa mahali palipokuwa na shina, nikamimina. Hapo ndipo nilipoona kwamba udongo wote pale ulikuwa umeshalowa, tangu alfajiri.